Watoto Wadogo na Serikali ya Mtaa: Habari za Kakamega

Msomaji, itazame methali moja uliyoisikia tangu hujajua kusoma: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee huitumia kuwakemea wazazi, na walimu huitumia kuwatahini wanafunzi. Lakini ni wachache waliopata kuuliza kile kiambishi kidogo, u, kilichomo ndani ya neno umleavyo, chamwelekea nani. Je, ni wewe mmoja? Ni mama peke yake? Ni baba na mama pamoja? Ni ukoo mzima? Au ni mji, wenye baraza lake, hazina yake na makarani wake? Swali hili laonekana kuwa la sarufi tu, na kumbe ndilo lililoendesha mambo ya watoto wadogo wa Kenya kwa muda wa miaka mia moja, na jibu lake limegeuka mara nyingi kuliko wengi wadhanivyo. Nataka tulifuate mahali pamoja, Kakamega, kwa kuwa huko jibu limepata kugeuka mbele ya macho ya watu walio hai.

Hapo kale, katika nchi ya Waluhya, mtoto hakuwa na baraza lakini alikuwa na nyanya. Alipoachishwa ziwa, aghalabu alihamia katika nyumba ya kukhu, mama wa baba yake, akalala huko pamoja na watoto wenzake, akasikia ngano za fisi na sungura usiku, na mchana akabebwa na dada aliyemzidi miaka michache tu. Mchezo ulikuwa kazi, na kazi ilikuwa mchezo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiandika miongoni mwa urithi wa dunia unaohitaji kulindwa kwa haraka, haikuwa na darasa wala mwalimu mwenye cheti. Mtoto aliisikia akiwa mgongoni mwa mama yake, na mwili wake ukajua mapigo kabla ya ulimi wake kujua maneno. Wataalamu wa siku hizi watuambiapo kwamba ubongo wa mtu hukua kwa kasi kubwa kabisa katika miaka ya kwanza, na kwamba hukua kwa kusemeshwa, kuchezeshwa na kushibishwa, wanalisema kwa lugha mpya jambo ambalo nyanya alilitenda bila kulipa jina.

Lakini usije ukadhani kwamba mambo yote yalikuwa mema. Surua, malaria na kuhara viliwachukua watoto wengi kabla hawajafika umri wa kwenda malishoni, na mapenzi ya nyanya hayakuwa na chanjo. Malezi ya ukoo yalikuwa na moyo mkubwa na mkono mfupi.

Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ilihamisha makao makuu ya wilaya iliyoitwa North Kavirondo kutoka Mumias, penye enzi ya Nabongo Mumia, ikayaleta Kakamega. Mji ulianza kama boma la wakubwa na maduka machache ya Wahindi. Kisha, mwaka 1931, ikavuma habari kwamba katika mito na vilima vya huko mna dhahabu. Wazungu wakamiminika na karai zao na mahema yao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na kwamba ikitwaliwa sehemu kwa haja ya serikali watapewa nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka mitatu, kwani Desemba 1932 sheria ilibadilishwa ili mashamba yenye dhahabu yatwaliwe kwa fidia ya fedha tu. Wanaume wakashuka mashimoni, katika machimbo kama yale ya Rosterman, na wanawake wakapika na kuuza chakula kwa wachimbaji. Ndipo lilipozaliwa jambo ambalo kukhu hakuwa amelijua: mtoto wa mji, ambaye baba yake yu kazini, mama yake yu sokoni, na nyanya yake yu mbali kijijini.

Nani amtazame mtoto huyo? Baraza lilikuwako. Kwa sheria ya mwaka 1924 Waingereza walikuwa wameanzisha Mabaraza ya Wenyeji, ambamo Mkuu wa Wilaya alikuwa mwenyekiti na wazee walikuwa wajumbe, yakiwa na ruhusa ya kutoza kodi ndogo kwa manufaa ya watu wao. Baraza la North Kavirondo halikulala. Wajumbe walitaka elimu kwa hamu kubwa, tena walitaka shule isiyokuwa chini ya misheni yoyote, maana wilaya ilikuwa imegawanyika baina ya Marafiki wa Kaimosi, Wakatoliki wa Mill Hill na wengineo, na mtoto aliweza kukosa darasa kwa sababu ya ubatizo wa baba yake. Walichanga fedha za wilaya, na matunda yake yakawa shule ya serikali iliyofunguliwa Kakamega mwaka 1932, ambayo leo yajulikana kwa jina la Kakamega School. Huenda wewe usomaye unasoma humo.

Nalisifu baraza hilo. Ila angalia lilitazama wapi. Lilitazama kijana wa kiume aliyekwisha kuota mabega, ambaye baada ya miaka michache angeweza kuwa karani, mwalimu au mganga msaidizi. Mtoto wa miaka minne hakuingia katika hesabu zake. Si kwamba wazee hawakuwapenda wajukuu wao. Waliona tu kwamba mtoto mdogo ni mali ya nyumba, na kwamba kodi ya umma ni kwa mambo ya umma. Ule u wa methali ulikuwa bado mlangoni kwa kukhu.

Shule za kwanza za watoto wadogo katika Kenya zilikuwa za watoto wa Wazungu na wa Wahindi, mijini na katika mashamba makubwa. Kwa Waafrika zilikuja kwa njia ya uchungu. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, serikali iliwakusanya watu wa nchi ya Wakikuyu katika vijiji vyenye boma na handaki, na akina mama wakatolewa kila asubuhi kufanya kazi ya lazima. Watoto wakabaki bila mtu wa kuwatazama, na kwa haja hiyo vikaanzishwa vituo vya kuwalinda mchana na kuwapa uji. Yastahili kukumbukwa kwamba nyingi katika chekechea zetu za mwanzo hazikuzaliwa kwa hekima ya mtaalamu yeyote, bali kwa sababu mama alikuwa ameondolewa nyumbani kwa nguvu.

Uhuru ulipofika, Desemba 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita watu kwa neno la Harambee, nao wakaitika. Kila pahali walijenga. Na majengo mengi madogo waliyoyajenga yalikuwa ya chekechea, ya udongo na mabati, ubavuni mwa kanisa au chini ya mti. Katika Kakamega, yenye watu wengi katika ardhi finyu na mvua isiyochoka, akina mama walichanga shilingi, mahindi na nguvu za mikono, wakamchagua msichana mmoja aliyemaliza shule ya msingi, wakamwambia, "Wewe ndiwe mwalimu."

Hapa yafaa tutoke kidogo Afrika, twende Italia ya kaskazini, kwenye mji uitwao Reggio Emilia. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wanakijiji wa Villa Cella karibu na mji huo walikuta kifaru kilichoachwa na Wajerumani, pamoja na malori machache na farasi. Waliviuza. Kwa fedha hizo wakajenga shule ya watoto wadogo, kwa matofali ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu na mchanga wa mtoni. Mwalimu kijana jina lake Loris Malaguzzi alizisikia habari hizo, akapanda baiskeli akaenda kutazama, naye hakuiacha kazi hiyo mpaka kufa kwake. Waona ya kuwa hadithi hii ni ileile ya Kakamega: wazazi maskini, mikono yao, na kifaru badala ya gunia la mahindi. Lakini endelea kusoma. Mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru wetu, baraza la mji wa Reggio Emilia lilifungua chekechea yake ya kwanza kwa fedha ya mji. Na mwaka 1967 zile shule za wazazi nazo zikatiwa chini ya baraza. Wazazi hawakufukuzwa: waliendelea kukaa katika kamati na kutoa shauri. Kilichohama ni mzigo wa fedha. Leo walimu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuzitazama shule za mji huo.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mabaraza ya kaunti yaliyoanza na uhuru yalipewa shule za msingi, zahanati na barabara, lakini fedha ziliyaponyoka. Mengine yalishindwa kuwalipa walimu mishahara yao. Bunge likapitisha sheria mwaka 1969, na tangu Januari 1970 kazi hizo tatu ziliondolewa mikononi mwa mabaraza ya kaunti zikapelekwa Nairobi, kwenye serikali kuu. Siwezi kuilaumu sheria hiyo kabisa, maana mwalimu asiyelipwa hafundishi. Hata hivyo tazama matokeo yake kwa watoto wadogo. Shule ya msingi ilipata mwenyewe, ambaye ni serikali kuu. Baraza la kaunti lilibaki bila nguvu. Chekechea haikupata mwenyewe yeyote. Ilibaki kwa kamati ya wazazi, na mwalimu wake akaendelea kula karo ndogo iliyoletwa na watoto, mwezi ambao ililetwa. Msimu wa njaa ulipokuja, mwalimu alikuwa wa kwanza kuuona.

Haikuwa kwamba hakuna aliyelijali jambo hilo. Mwaka 1971, kwa msaada wa shirika la Bernard van Leer la Uholanzi, ulianzishwa Nairobi mradi wa kuwafundisha walimu wa chekechea namna ya kufundisha kwa michezo, nyimbo na vitu vilivyookotwa: vizibo, mbegu, vijiti, vifuu. Mwaka 1980 elimu hii ilitiwa katika Wizara ya Elimu, na mwaka 1984 kikafunguliwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Baadaye vikafuata vituo vya wilaya. Walimu wakapata mafunzo. Mshahara ndio ambao haukupata mwenyewe.

Kisha likatokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia angefaa kulishika, kwa kuwa laonyesha jinsi wema uwezavyo kuwa na kivuli. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto kiasi cha milioni 1.3 zaidi waliingia madarasani, na dunia nzima ikashangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini wazazi wengi walio maskini walifanya hesabu nyepesi: ikiwa darasa la kwanza ni bure, kwa nini nilipie chekechea? Wakawaweka watoto nyumbani hata umri wa miaka sita. Chekechea nyingine zikapungukiwa na watoto, na walimu waliokuwa wakiishi kwa karo wakakosa karo. Kwa ajili ya kumsaidia mtoto wa miaka saba, mdogo wake wa miaka minne alipoteza kiti. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Hakuwamo tu katika hesabu, kama vile alivyokuwa hayumo katika hesabu za wazee wa mwaka 1932.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliuvunja mpango wa zamani. Katika Jedwali la Nne, palipoandikwa kazi za serikali za kaunti, fungu la tisa limetaja elimu ya kabla ya shule ya msingi, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kazi za nyumbani, na mahali pa kuwatunzia watoto. Ukilisoma fungu hilo utatabasamu, maana linafanana na kapu la vitu vilivyobaki mkononi mwa mwenye kugawa baada ya wakubwa kuchukua vyao. Serikali kuu ilijiwekea shule za msingi, za sekondari na vyuo vikuu. Kaunti ikapewa mtoto wa miaka minne na kijana wa kufundishwa useremala, na katikati yao hamna kitu. Walakini kwa mara ya kwanza mtoto mdogo alikuwa ametajwa kwa kazi yake katika sheria kuu ya nchi, na aliyetwikwa mzigo wake alikuwa na anwani. Kwa watoto wa Kakamega anwani hiyo ilikuwa mjini Kakamega.

Serikali ya Kaunti ya Kakamega ilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na gavana wake wa kwanza alikuwa Wycliffe Oparanya, aliyetumika hata mwaka 2022. Baraza la zamani la manispaa lilikwisha mwaka huohuo wa 2013. Ni vema ujue kwamba mji wa Kakamega haujapewa cheo cha jiji. Ni manispaa yenye bodi yake, chini ya kaunti, na kwa hiyo fedha za mtoto mdogo wa mjini hupitia katika mfuko uleule wa mtoto wa Malava au wa Butere. Kaunti hiyo si ndogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,867,579, ya nne katika Kenya.

Serikali ya namna hiyo yaweza kufanya nini kwa mtoto asiyejua hata jina lake? Watu wengi hufikiri kwanza juu ya jengo, na wanasiasa hupenda majengo kwa sababu yanafunguliwa kwa utepe. Jengo ni jema. Mvua ya Kakamega haimngojei mtoto amalize kuhesabu. Lakini choo chenye tundu dogo lisiloweza kummeza mtoto kina thamani kama paa. Maji ya kunawa yana thamani kuliko rangi ya ukuta. Na kikombe cha uji saa nne kina habari yake ya zamani: mwaka 1907 baraza la mji wa Bradford, Uingereza, liliwalisha watoto wa shule walio maskini, likawapima uzito, likaona kwamba wananenepa wakilishwa na kukonda katika siku za likizo. Tangu siku hiyo hakuna diwani, wa Bradford wala wa Kakamega, awezaye kusema kwamba hajui njaa hufanya nini darasani. Na zaidi ya uji yuko mwalimu. Kaunti za Kenya ziliwaandika walimu wa chekechea baada ya 2013, wengi kwa mkataba na kwa mshahara mdogo kuliko wa wenzao wa shule ya msingi, na ugomvi juu ya mishahara hiyo umefika mahakamani na mabarabarani mara nyingi. Mtaala mpya, ulioanza nchini kote mwaka 2019, umeweka miaka miwili ya chekechea kwa watoto wa miaka minne na mitano. Mtaala hauimbi wenyewe. Yataka mtu wa kuuimba, naye awe ameshiba.

Jambo ambalo Kakamega ililifanya mapema kuliko kaunti nyingi, hata hivyo, halikuanzia chekechea. Lilianzia tumboni. Mwaka 2013 kaunti, pamoja na UNICEF, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu wameuita Oparanya Care. Mama mjamzito aliye maskini aliandikishwa, na kila alipotimiza hatua fulani, yaani kuhudhuria kliniki, kujifungulia hospitalini, na kumpeleka mtoto chanjo, alipewa shilingi 2,000. Hatua zilikuwa sita, hata mtoto afike umri wa miezi kumi na minane, jumla shilingi 12,000. Fedha hizo si nyingi. Lakini zilitosha nauli ya pikipiki hadi kituo cha afya, na mayai, na sabuni. Na zaidi ya hayo zilimfanya mtoto aandikwe katika daftari la umma kabla hajazaliwa. Wako waliosema kwamba kuwapa watu fedha ni kuwazoeza uvivu. Mimi sioni uvivu gani uliomo katika kumbeba mtoto mgongoni hadi kwenye sindano.

Mwaka 2017 baadhi ya mechi za mashindano ya CECAFA zilichezwa Kakamega katika uwanja wa Bukhungu, uliotengenezwa kwa fedha ya umma, nasi sote tulifurahi, wala sikumsikia mtu akiuliza ikiwa mpira ni jambo la nyumba au la umma. Swali hilo hutunzwa kwa ajili ya watoto.

Limebaki neno moja katika lile fungu la tisa ambalo halijasomwa sana, nalo ni mahali pa kuwatunzia watoto. Chekechea humpokea mtoto akiwa na miaka minne. Kliniki na chanjo humfuata kwa karibu hata miezi kumi na minane. Baina ya hapo pana miaka miwili na nusu, nayo ndiyo miaka ya kuanza kusema, kupanda, kuanguka na kuuliza. Nenda katika soko la Kakamega asubuhi, au Khayega, au Lubao, ambako siku ya soko hata mbwa huletwa kuuzwa na huwekewa mahali pao. Chini ya meza za nyanya na omena utawakuta watoto wa umri huo wamelala juu ya magunia, jua likihama na mama akiwavuta kulifuata kivuli. Mama hao hulipa ushuru wa soko kila siku, na risiti hutolewa na kaunti ileile iliyopewa fungu la tisa.